R baada ya miaka tisa: programu isiyokuuliza "una hakika?"

Wiki iliyopita kijana aliyejiunga na kitengo chetu cha data aliniuliza, "Dada, kwa kazi hizi za utafiti ninunue programu gani ya takwimu?" Nikamwambia asinunue kitu, apakue R. Akaipakua, akaifungua, kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Simlaumu. Ukiifungua R unakuta dirisha tupu, mistari michache ya leseni inayokwambia waziwazi kwamba programu haina dhamana yoyote, na alama ndogo ya > inayokusubiri. Hakuna kitufe cha "wastani" wala menyu ya "linganisha makundi". Unaandika amri, inajibu. Ukikosea herufi moja inagoma, na ukiandika Mean badala ya mean itakwambia haijui unaongelea nini.

Miaka tisa sasa kazi yangu ni kupokea data za utafiti wa afya, kuzisafisha, kuzichambua na kubishana na madaktari kuhusu maana yake. Nimepitia programu mbili za kulipia kabla ya kutulia hapa. Sifa ninayoipa R kwanza si ubure wake, ingawa bure ni bure. Ni kwamba kila nilichokifanya kinabaki kimeandikwa kwenye skripti, mstari kwa mstari, na makosa yangu yamo humo humo.

Nianze na kosa lenyewe. Mwaka wangu wa pili nililetewa faili la akina mama wajawazito, lenye safu ya hemoglobini, yaani wingi wa damu. Thamani zilikuwa za kawaida: 9.8, 10.4, 11.2, 12.6. Ila kwenye seli moja, mtu aliyekuwa akiingiza data aliandika "haikupimwa". Neno hilo moja lilitosha. Matoleo ya R ya wakati ule, yakiona herufi kwenye safu, yaliigeuza safu nzima kuwa fakta: kila thamani tofauti inapewa namba ya siri kulingana na mpangilio wa kialfabeti. Mimi nikaandika as.numeric ili nizirudishe kuwa namba. Nikapewa namba kweli, ila zile za siri. Bila onyo.

Wastani ukatoka 31. Mama mwenye hemoglobini 31 bado hajazaliwa, kwa hiyo hapo nilishtuka. Lakini kilichoninyima usingizi ni kile ambacho ningeweza kukosa kukiona. Kialfabeti, "10.4" inatangulia "9.8", kwa sababu moja inakuja kabla ya tisa. Basi akina mama wenye upungufu mkubwa wa damu, wa 8 na 9, walikuwa wamepelekwa mwisho wa orodha na kupewa namba kubwa kuliko wote. Wagonjwa wakawa ndio wenye afya. Mchanganuo wangu wa vidonge vya madini ya chuma ulikuwa umeelekea kinyume kabisa, na ungekuwa kwenye kipimo ambacho wastani wake hauchekeshi, ningeukabidhi hivyo hivyo.

Tangu toleo 4.0.0 la mwaka 2020 mtego huo umepunguzwa makali: maneno yanabaki maneno hadi uamue mwenyewe, na ukilazimisha "haikupimwa" kuwa namba unapata nafasi wazi pamoja na onyo. Wapo waliolalamika kwamba skripti zao za zamani zimevurugika. Mimi nilishangilia peke yangu mbele ya kompyuta.

Kwa wanaopenda historia: R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina lake limetokana na herufi ya kwanza ya majina yao, pamoja na utani kwa lugha ya S iliyoitangulia. Toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo kuna vifurushi vya nyongeza zaidi ya 20,000, na vingi hutavigusa maishani.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote: ukiipakua R unapewa na data ndani yake, za kweli, tena nyingine za kihistoria. Andika neno sleep. Utaona watu kumi waliojaribiwa dawa mbili za usingizi, na saa za usingizi alizoongezewa au kupunguziwa kila mmoja. Ndizo data alizotumia William Sealy Gosset, mtakwimu wa kiwanda cha bia cha Guinness, katika makala yake ya mwaka 1908 aliyoitia saini "Student". Jaribio la t, la kulinganisha wastani wa makundi mawili, tunalolitumia hadi leo limeanzia hapo.

Kwa dawa ya kwanza, wastani wa nyongeza ni saa 0.75. Kwa ya pili ni saa 2.33. Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati tu? Iambie R ilinganishe makundi mawili, utapata thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, ya 0.079, na kwa desturi ya watafiti wengi utasema ushahidi hautoshi. Halafu kumbuka kwamba hawa si watu ishirini, ni watu kumi wale wale waliojaribu dawa zote mbili. Iambie hivyo, p inashuka hadi 0.0028. Namba ni zile zile, hazijaongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu analinganishwa na nafsi yake, na tofauti za walalaji wazuri na wabaya zimeondoka njiani.

R haikunishika mkono kuniuliza, "Samahani, hawa ni watu wale wale?" Haiulizi kamwe. Inajibu ulichouliza, si ulichokusudia. Programu za kulipia nilizotumia nazo haziulizi, ila vile vidirisha vyao vinakupa hisia kwamba kuna mtu mzima anaangalia. Hayupo.

Kuna mtego mwingine hapo hapo, nautaja kwa sababu mafunzo mengi ya zamani bado yanaufundisha. Zamani uliweza kuandika paired = TRUE, yaani "hawa ni jozi", ndani ya fomula na R ikajipangia jozi kwa kufuata mpangilio wa mistari. Ukiwa umepanga upya faili lako kwa bahati mbaya, mgonjwa wa tatu anaoanishwa na wa saba na hakuna anayesema kitu. Kuanzia toleo 4.4.0 fomula ya namna hiyo inakataliwa. Sasa lazima utaje safu mbili waziwazi, nani na nani. Wameudhi watu, lakini wamefanya vizuri.

Kwa kazi za hospitali, kifurushi kinachostahili sifa za peke yake ni survival cha Terry Therneau. Nacho kinakuja na data, zinaitwa lung: wagonjwa 228 wa saratani ya mapafu iliyokwisha sambaa, na siku walizofuatiliwa. Kati yao 165 walifariki. Waliobaki 63 walikuwa hai mara ya mwisho walipoonekana. Swali la daktari huwa rahisi: nusu ya wagonjwa huishi zaidi ya siku ngapi?

Nimeshawahi kukaa kikaoni na mkubwa mmoja aliyesema tuwatoe wale ambao hatujui mwisho wao, "wanachafua hesabu." Sikubishana. Nilifungua lung nikafanya anavyotaka: ukihesabu waliofariki tu, kati, yaani idadi ya siku ambayo nusu yao waliivuka, inakuwa 226. Kisha nikawarudisha wale 63 kwa njia ya Kaplan na Meier, ya mwaka 1958, ambayo inamhesabu kila mtu kwa muda wote tuliomwona, halafu inamwachia aende bila kumzulia kifo. Ikatoka siku 310. Karibu miezi mitatu ya uhai wa mtu ilikuwa inafutwa, kwa sababu waliokuwa wakifutwa ndio wale walioishi. Mkubwa alinyamaza, akaomba tuendelee na ajenda inayofuata.

Yapo yanayoniudhi. Ujumbe wa makosa umeandikwa kana kwamba mtu anazungumza usingizini. Siku utakapoambiwa kwamba kitu cha aina ya "closure" hakiwezi kukatwa vipande, ujue huenda umeipa data yako jina ambalo R imeshaipa amri yake yenyewe, kisha ukasahau kuifungua. Halafu vifurushi: ukisasisha kimoja, kingine kinalia. Siku hizi kila skripti yangu inaanza kwa kuandika toleo la R na la kila kifurushi, na kwenye kompyuta moja ya zamani nimeacha toleo la 3.6 kwa ajili ya utafiti mmoja tu ambao bado unaulizwa maswali.

Na zile nyota. Ukiomba matokeo ya modeli, R inapamba kila mstari: nyota tatu kama p iko chini ya 0.001, mbili chini ya 0.01, moja chini ya 0.05. Nimeona daktari akipitisha kidole kwenye jedwali akitafuta nyota kama mtoto anayetafuta zabibu kwenye wali, bila kutazama ukubwa wa athari hata mara moja. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kwamba hitimisho la kisayansi lisisimame juu ya p kuvuka mstari fulani peke yake. Bado nyota zinawaka. Mimi nazizima kwa options(show.signif.stars = FALSE), mstari wa kwanza kabisa.

Jambo moja dogo: safisha data humu humu, usizipitishe kwenye programu ya majedwali ukidhani unarahisisha. Programu hizo ziligeuza majina ya jeni kuwa tarehe kwa miaka mingi kiasi kwamba mwaka 2020 wanasayansi waliamua kubadilisha majina yenyewe. SEPT1 sasa inaitwa SEPTIN1. Ilikuwa rahisi kuibatiza upya jeni kuliko kuwazuia watu.

Turudi kwa kijana. Sikumpa faili letu. Nilimwambia afungue sleep, alinganishe dawa kwa njia zote mbili, aniletee majibu. Alirudi baada ya saa moja na kitu nisichomwagiza.

"Dada, huyu mgonjwa wa tisa. Dawa ya kwanza haikumwongezea hata dakika, ya pili ikampa saa 4.6. Wenzake tofauti yao ni saa moja, moja na nusu. Si ndiye anayeibeba dawa hii peke yake?"

Nikamwambia amtoe, aone. Akawa na hakika matokeo yatadhoofika. Tofauti ya wastani ilishuka kweli, kutoka saa 1.58 hadi 1.24. Lakini t, ambayo huigawanya tofauti hiyo kwa kipimo cha mtawanyiko wake, ilikuwa 4.06, ikapanda hadi 5.66. Aliitazama skrini, akaiendesha tena amri ile ile, jibu likawa lile lile. Akavuta karatasi na kuanza kuzikokotoa zile tofauti tisa kwa mkono, na alipofika kwenye mtawanyiko akaacha kuandika. "Kumbe alikuwa anautanua huu," akasema. "Wakati tunamdhani msaada, alikuwa anatuharibia."

"Na sasa tumtoe kwenye ripoti?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Hapana. Hatuna sababu ya kumtoa zaidi ya kwamba tunalipenda jibu."

Nikamtumia faili letu siku hiyo hiyo jioni.