Vitabu vitatu kwa mpigo: kitanzi cha Bash au Make?

Tuseme una vitabu vitatu vya maelezo: cha manahodha wa Lamu, cha nyumba za wageni Shela na cha waongoza watalii. Unavijenga kwa mdBook, programu inayogeuza maandishi kuwa kitabu cha kusomwa kwenye kivinjari. Kila amri ya `mdbook build` hushughulikia folda moja yenye book.toml yake (faili la mipangilio ya kitabu), kwa hiyo kuvikusanya ni kazi yako.

Kitanzi cha `for`, yaani amri inayorudia kazi ileile kwa kila kitabu, kwenye skripti ya Bash (faili la amri za terminali) ni mistari michache, basi. Lakini hujenga kimoja baada ya kingine, hata kile ambacho hakijaguswa tangu juzi. Kibaya zaidi, kitabu cha kwanza kikigoma kitanzi husonga mbele, na cha mwisho kikifaulu skripti nzima huripoti salama. Weka `set -e` juu ili skripti isimame kosa likitokea, la sivyo utapakia kitabu cha zamani bila habari.

Make, programu ya kujenga mafaili aliyoiandika Stuart Feldman mwaka 1976, hutazama saa ambazo mafaili yalibadilishwa mwisho. Ukisahihisha ukurasa wa jahazi, kitabu cha manahodha pekee ndicho kitakachojengwa, almuradi umeorodhesha mafaili yake kwenye Makefile, faili la kanuni ambazo Make huzifuata. `make -j3` huvijenga vyote sambamba. Ukiongeza `-k`, kimoja kikianguka vingine vinaendelea. Kero yake ni Tab: amri zilizo chini ya kanuni lazima zianze nayo. Ukiweka nafasi nne, Make hulalamikia kitenganishi kilichokosekana, nawe unabaki kukodoa macho.

Umeme ukiwa wa kubahatisha na betri imechoka, nachukua Make. Vitabu viwili vifupi? Kitanzi kinatosha.