Uzoefu wangu na huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni: kazi yake nzuri, mkataba wake unaudhi

Huduma ninayoizungumzia ni ya kampuni moja ya Marekani inayowahifadhia watu picha, video na nyaraka zao mtandaoni kwa ada ya kila mwezi. Kwa upande wa kazi yenyewe sina lawama kubwa. Picha za harusi na za watoto hupanda zenyewe kutoka kwenye simu mara tu ipatapo waifai, kuzitafuta ni rahisi, na hata siku ambazo intaneti hapa Tudor, Mombasa, inasuasua, faili haliharibiki njiani bali huendelea kupanda kuanzia pale lilipokatikia. Malipo nayafanya kwa kadi ya mtandaoni inayokata fedha kwenye M-Pesa. Lau tathmini hii ingehusu programu peke yake, ningeipa nyota nne na kuishia hapo.

Kinachoniudhi ni mkataba. Mimi ni wakala wa kuondosha mizigo bandarini, na kazi hiyo humzoesha mtu kusoma maandishi madogo ya nyuma ya hati ya shehena, ambako wenye meli mara nyingi huweka wazi kwamba mgogoro ukizuka utaamuliwa London au Hamburg. Baina ya wafanyabiashara jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa mwenye kontena zima la vitambaa ana bima, na thamani ya mzigo wake inaweza kubeba gharama ya wakili wa ng'ambo. Nilipojiandikisha katika huduma hii nilivisoma vigezo na masharti mpaka mwisho, na huko mkiani nikakikuta kifungu kinachosema kwamba malalamiko yote yatapelekwa kwa msuluhishi wa kibinafsi badala ya mahakama, na kwamba kila mteja atadai kwa nafsi yake tu, wala hataruhusiwa kuwa mlalamishi au mshiriki katika kesi ya kundi, yaani kesi moja ya watu wengi wenye lalamiko lile lile. Asiyekitaka kifungu hicho alipewa siku 30 za kujitoa, lakini kwa barua ya karatasi iliyotumwa kwa posta hadi Marekani, ilhali kujiunga kwenyewe kulihitaji kubofya mara moja tu.

Kifungu hicho kilikaa kimya mpaka kampuni ilipoufuta mpango wa kati na kutuhamishia sote kwenye mpango wa juu bila kutuuliza. Tofauti ilikuwa shilingi mia tatu na ushei kwa mwezi. Dada yangu anayekaa Likoni alikatwa, jirani yangu alikatwa, na wenzangu kadhaa kazini nao walikatwa. Nilipoandika kulalamika, nilijibiwa kwamba mabadiliko yamefanywa kwa mujibu wa masharti niliyoyakubali. Nikauliza kama tungeweza kuwasilisha dai moja kwa pamoja, kwa kuwa kosa ni lile lile na tarehe ni ile ile. Jibu likawa kwamba kila mmoja afungue dai lake.

Hapo ndipo penye ujanja wote. Shilingi mia tatu kwa mwezi, hata zikijumlishwa kwa mwaka mzima, hazifiki elfu nne, na hakuna wakili mjini atakayefungua faili kwa kiasi hicho. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe ni cha kampuni. Madai ya aina hii hupata maana yanapounganishwa, na ndiyo sababu muungano huo ukakatazwa mapema, kabla ya kosa lolote kutendeka.

Huko Marekani kampuni ina msingi wa kisheria wa kujiamini. Sheria yao ya usuluhishi ni ya mwaka 1925, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua katika kesi ya AT&T Mobility dhidi ya Concepcion kwamba jimbo la California haliwezi kuvibatilisha vifungu kama hivi. Kesi hiyo ilitokana na simu iliyotangazwa kuwa ya bure huku mteja akitozwa kodi ya dola 30.22. Mwaka 2017 idara ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa kanuni ya kuzizuia benki kukataza kesi za kundi, na Congress, yaani bunge lao, ikaifuta mwaka huo huo. Kilichonifurahisha ni kwamba silaha hii huweza kumgeukia mwenyewe. Amazon ilipoletewa madai ya usuluhishi zaidi ya 75,000, kila moja likiwa na ada ya kulipiwa na kampuni, iliamua mwaka 2021 kukiondoa kifungu hicho na kuwarudisha wateja mahakamani.

Kwetu Kenya sheria inasema vingine, na laiti wateja wengi wangejua. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamruhusu mtumiaji kufungua kesi kwa niaba ya kundi, au kujiunga nayo, hata kama mkataba umemkataza. Sheria hiyo hiyo inakibatilisha kifungu cha usuluhishi kwa kadiri kinavyomzuia mtumiaji kutumia haki aliyopewa ya kwenda Mahakama Kuu. Juu yake kuna Katiba, ambayo kifungu cha 46 kinataja haki za watumiaji na cha 22 kinampa mtu nafasi ya kushtaki kwa maslahi ya kundi pale haki za kikatiba zinapovunjwa. Kwa anayetaka kwenda peke yake ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Ugumu unaobaki ni wa kivitendo: kampuni isiyo na ofisi nchini utaifikishia vipi samansi, na hukumu ukiipata utaitekeleza dhidi ya mali gani?

Niliwaandikia tena, safari hii nikiitaja sheria ya 2012 na kunakili maneno yake kuhusu kesi za kundi. Sauti ilibadilika. Siku chache baadaye nilirudishiwa tofauti yote, si kwa fedha bali kama salio ndani ya akaunti, pamoja na maelezo kwamba wamefanya hivyo kwa hisani bila kukiri kosa. Dada yangu, ambaye hakuandika, hakupata kitu. Nilimtumia barua yangu aibadilishe jina tu, naye akalipwa. Jirani aliona ni usumbufu, akaacha.

Kwa hivyo programu naipa nyota nne na mkataba nyota moja. Anayetaka kujiunga namshauri asilipie mwaka mzima kwa mkupuo, aiache kadi bila fedha za ziada, na ahifadhi nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku aliyojiunga, maana kampuni hii huyahariri bila kuacha toleo la zamani. Barua niliyoitumia nitampa yeyote atakayeihitaji.