Karakana iliyoipaka mashua yangu vanishi ya sofa

Karakana ninayoizungumzia iko Eneo la Viwanda, hapa Nairobi, na yeyote mwenye chombo cha mbao anayefikiria kuwapa kazi mafundi wa fanicha na asome kwanza yaliyonipata. Mashua yangu ni ndogo, ya tanga, tena ya zamani, nami huiweka Naivasha, kwa kuwa Bwawa la Nairobi lilikwisha kumezwa na magugu maji. Mapema mwaka huu niliibandua mbao zake za juu, yaani ukingo wa mvule, viti, usukani na kana yake, yaani mpini wa kuugeuzia usukani, nikawapelekea wazikwangue na kuzipaka vanishi upya.

Siku ya kuzichukua ziling'aa mno, nikalipa bei yote bila kuvutana. Hazikumaliza msimu. Majuma machache tu juani, vanishi ilianza kujikunja pembeni na kubanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake mbao ilikuwa kavu kabisa, haijanywa hata tone. Walikuwa wameipuliza kwa mashine ile vanishi ya viti vya sebuleni, ambayo hukauka upesi ikawa ngumu. Mbao ya mashua hulowa ikavimba, kisha hukauka ikasinyaa, kwa hiyo vanishi yake sharti iweze kunyumbuka pamoja nayo na kustahimili jua, hasa jua la Naivasha, mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mkono wa kwanza wa vanishi huzimuliwa sana kwa tapentaini ili upenye ndani, kisha hufuata mikono mingine kadhaa, na kati ya mmoja na mwingine hupitishwa msasa laini, kwa kufuata nyuzi za mbao. Zangu zilipigwa msasa wa mashine kukata nyuzi. Mikwaruzo ya mviringo inaonekana wazi ukiinamisha ubao kwenye mwanga.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonichoma ni skrubu. Zile za shaba zilizodumu ndani ya ukingo miaka yote hiyo ziling'olewa, mahali pake zikatiwa za chuma za kawaida, vichwa vikafichwa kwa lipu ya mbao. Chuma kikikutana na mvule uliolowa, hushika kutu na kuacha doa jeusi ambalo haliondoki kwa msasa mmoja wala miwili. Nilirudi na ubao mmoja mkononi nikamwonyesha mwenye karakana madoa hayo. Hakuushika. Aliendelea kubonyeza simu yake, akaniambia, «Mzee, mbao ni mbao. Ulitaka zing'ae, ziling'aa.» Nilipomuuliza skrubu zangu ziko wapi, alimwita kijana aniongoze hadi langoni.

Pamoja na hayo, sitasema kwamba hakuna fundi mle ndani. Kana haikupulizwa. Mzee mmoja anayefanya kazi kwenye kona ya nyuma aliikwangua kwa kipande cha kioo, akaziba ufa wake kwa kibanzi cha mvule uleule, nyuzi zikaoana hata kidole hakihisi kiungo, kisha akaipaka kwa brashi, mkono baada ya mkono. Hadi leo iko imara, maji yanateleza juu yake. Alinifuata nje ya lango siku ile ya ugomvi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amewaonya kuhusu skrubu wasimsikie. Kwa ajili ya mkono wake nilikaribia kuandika kwamba karakana hii inafaa, mradi uombe kazi yako iwekwe kwake.

Lakini hapana. Mzee huyo hachagui kazi; anayezigawa ni yule yule wa simu, na kazi yangu nyingine yote ilikwenda kwenye mashine. Meza ya kulia pengine wataitengeneza vizuri. Chombo cha majini msiwapelekee. Sasa nalazimika kuukwangua ukingo wote upya na kutoboa lipu yao tundu kwa tundu, na skrubu zangu za shaba, ambazo ni mali yangu na ambazo sizipati kwa urahisi katika duka lolote la vifaa hapa mjini, bado wanazo wao.