“Ni dola 53 tu kwa mwezi”: waranti za nyongeza za magari Marekani, kuanzia ya maana hadi ya kukimbia

Umekaa yadi masaa manne. Gari umelijaribu, bei mmevutana mpaka mkaelewana, mtoto amelala kwenye kiti na njaa inauma. Ndipo unapoingizwa kwenye chumba kidogo cha nyuma, kwa kijana mwenye tai. Anakugeuzia kompyuta uone safu tatu: dhahabu, fedha na shaba. “Hii ya dhahabu ni dola 53 tu kwa mwezi, inalinda kila kitu.” Kalamu umeshawekewa mkononi.

Mimi nilisaini. Lilikuwa gari langu la pili hapa Texas, na nilitaka kwenda nyumbani kula. Wiki moja baadaye ndipo nikakaa mezani na kikokotoo. Ule mkataba ulikuwa dola 2,800, umeingizwa ndani ya mkopo wa miaka 6 wenye riba ya asilimia 11. Dola 53 na senti zake, mara miezi 72, ni zaidi ya dola 3,830. Yaani nilikopa pesa ili ninunue ahadi, na ahadi yenyewe nikailipia riba.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Wakongo tunaoishi nao hapa wanaita garanti, sisi tunaita waranti, lakini kisheria kitu hiki si waranti kabisa. Waranti inakuja na gari, imo ndani ya bei. Hiki unachouziwa chumba cha nyuma ni mkataba wa huduma, bidhaa nyingine yenye bei yake na kampuni yake, na mara nyingi kampuni hiyo haina undugu wowote na kiwanda kilichotengeneza gari. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inavitenganisha vitu hivi viwili. Sheria hiyohiyo inamkataza mwenye kiwanda kukunyima waranti kwa sababu tu ulifanyia servisi gereji ya mtaani badala ya kwake. Wauzaji wengi hawakwambii hilo, na wengine wanakwambia kinyume chake.

Angalia kwanza ulichonacho tayari

Toyota na Honda mpya zinakuja na miaka 3 au maili 36,000 kwa karibu gari zima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi. Hyundai na Kia wanatoa miaka 5 au maili 60,000 kwa gari zima, na miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Ila hapo pana mtego: hiyo miaka 10 ni ya mwenye gari wa kwanza. Ukilinunua mkononi mwa mtu, inashuka kuwa miaka 5 na maili 60,000. Toyota haibridi za kuanzia modeli ya 2020 zina miaka 10 au maili 150,000 kwenye betri kubwa, kwa hiyo anayekutisha na bei ya betri ya Camry haibridi ya 2021 anakuuzia kitu ambacho tayari ni chako.

Kuna jingine ambalo hata baadhi ya mafundi hawalijui. Masega ya ekzosi (catalytic converter, kichujio cha moshi) na kompyuta ya injini vinalindwa na sheria ya shirikisho ya hewa safi kwa miaka 8 au maili 80,000, gari la kampuni yoyote ile. Masega yakifa yenyewe kwenye maili 70,000, usikimbilie kulipa.

Halafu chukua namba ya chesi (VIN) uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani. Kama kiwanda kimeita gari hilo lirudishwe kwa kasoro ya usalama, unatengenezewa bure, uwe na waranti usiwe nayo. Muulize pia dila wa kampuni hiyo kama kuna waranti iliyorefushwa. Nissan walirefusha waranti ya giaboksi za CVT kwenye baadhi ya modeli hadi miezi 84 au maili 84,000 baada ya malalamiko kuzidi, na Hyundai na Kia wana baadhi ya injini ambazo baada ya kesi zilipewa waranti ya maisha.

Ukishajua hayo ndipo uangalie mkataba unaanza kuhesabiwa lini. Mkataba wa “miaka 5” unaoanza siku unaponunua gari jipya lenye waranti ya miaka 3 umeshaliwa miaka 3. Umebaki na 2.

Nafasi ya kwanza: mfuko wako mwenyewe, na fundi kabla ya kununua

Jarida la Consumer Reports liliwahi kuwauliza wasomaji wake walionunua mikataba hii, likachapisha majibu mwaka 2014. Asilimia 55 hawakuitumia kwa tengenezo hata moja. Hilo halishangazi ukiangalia aliyepanga bei. Kampuni inajua vizuri kuliko wewe Corolla huharibika mara ngapi, na ndani ya ile bei kuna kamisheni ya kijana wa tai, faida ya yadi, na baada ya hapo ndiyo pesa ya gereji.

Kwa hiyo kama gari lako ni Corolla, Camry, RAV4, Civic au CR-V lenye historia safi, weka hizo dola 53 mwenyewe kila mwezi. Miaka miwili zinakuwa dola 1,272. Alteneta inalipika, beringi za gurudumu zinalipika, na kompresa ya AC kwa fundi wa mtaani huenda nayo ikalipika. Kabla ya kununua gari lililotumika, lipeleke kwa fundi asiye na uhusiano na muuzaji alipandishe juu alitazame chini. Hiyo ndiyo pesa bora kuliko zote utakazotumia siku hiyo. Muuzaji akikataa gari litoke kwenda kukaguliwa, ameshakujibu.

Sasa niseme ukweli ambao waandishi wa Kimarekani hawauandiki, kwa sababu hawana shangazi Tanga. Akiba yetu haikai. Unaweka dola 800 za gari, Jumanne inaingia simu: kuna msiba, au ada ya shule, au mjomba amelazwa Bombo. Programu ya kutuma pesa iko kwenye simu ileile. Dakika tatu, mfuko wa gari umekwisha, na hujafanya kosa lolote. Mkataba wa waranti una uzuri huo mmoja: hauwezi kukopwa na binamu. Nawajua watu wenye akili timamu walionunua kwa sababu hiyo tu, nami siwacheki. Ila kabla hujafika huko, jaribu kufungua akaunti ya pembeni kwenye chama cha kuweka na kukopa, zile SACCOS za huku, bila kadi na bila kuiunganisha na simu. Mimi yangu lazima niende dirishani. Mwendo wa dakika ishirini umeniokolea pesa nyingi.

Nafasi ya pili: gari lililothibitishwa na kiwanda

Hapa unalipia gari lililotumika bei ya juu kidogo, lakini limekaguliwa chini ya mpango wa kiwanda chenyewe na linakuja na waranti ya kweli. Kwa Toyota za daraja la Gold ni miezi 12 au maili 12,000 kwa sehemu nyingi za gari, na injini na giaboksi hadi miaka 7 au maili 100,000 tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza. Sikia vizuri: tangu lilipouzwa mara ya kwanza, si tangu ulipolinunua wewe.

Yadi za mtaani nazo zinabandika neno “certified” kwenye kioo. Hilo ni neno lao. Uliza: limethibitishwa na nani? Kama jibu si kampuni iliyotengeneza gari, wewe bado uko kwenye nafasi ya tano hapo chini, ya kampuni za pembeni. Soma pia karatasi inayobandikwa dirishani kwenye kila gari lililotumika linalouzwa na dila, ambayo ni lazima kwa amri ya tume ya biashara, FTC. Kama kisanduku cha “As Is” kimewekwa alama, gari likizima kwenye kona ya kwanza ni lako. Dila akifanya biashara nawe kwa Kihispania anatakiwa akupe karatasi hiyo kwa Kihispania. Kiswahili bado, kwa hiyo nenda na mtu anayesoma.

Nafasi ya tatu: mkataba wenye jina la kiwanda

Honda Care, Ford Protect, Mopar wa Chrysler na Jeep, na ule wa Toyota wenyewe. Kama lazima ununue, nunua hapa. Dila yeyote wa kampuni hiyo anaupokea, na huna wasiwasi kama kampuni itakuwepo miaka minne ijayo.

Na huna haja ya kusaini usiku ule. Kwa kawaida mikataba hii inauzwa muda wote waranti ya kiwanda ingali hai. Ukiwa na maili 30,000 na umeshalijua gari lako, piga simu kwa madila watatu uwaulize bei ya mkataba uleule, wa miaka ileile. Watakutajia bei tatu tofauti. Bei ya chumba cha nyuma haijaandikwa kwenye jiwe, inavutwa kama ya kitenge.

Unamfaa nani? Mwenye gari la Ulaya lenye tabo na shokapu za upepo, lililo karibu kuisha waranti. Hapo tengenezo moja linaweza kula mshahara wa mwezi. Au mtu ambaye bili ya dola 4,000 kesho asubuhi ingemtoa kazini.

Nafasi ya nne: chama chako cha kuweka na kukopa

Vyama vingi vinauza mikataba kama ya yadi kwa bei ya chini. Baadhi ya kampuni za bima pia zinauza bima ya kuharibika kwa mitambo, unayolipa kidogo kidogo na kuisimamisha ukitaka, ila nyingi zinataka gari likiwa bado changa. Ulizia.

Nafasi ya tano: mkataba wa kampuni ya pembeni, ule wa dhahabu na fedha

Hapa usitazame rangi, tazama ukurasa mmoja. Mkataba mzuri unaorodhesha visivyolindwa, kisha unasema vingine vyote vimo. Mkataba dhaifu unaorodhesha vinavyolindwa, na kisichotajwa si chao. Kisha tazama ekses unayolipa kila gari linapoingia gereji, nani hasa anayelipa madai, na nani anayeamua.

Jirani yangu wa Uvira anaendesha Uber. Giaboksi ilikufa kwenye maili 91,000, naye alikuwa na mkataba alionunua yadi. Kampuni ikasema ifunguliwe kwanza mtu wao aje aione, na kama tatizo halimo kwenye mkataba, gharama ya kuifungua ni ya mwenye gari. Nilimsindikiza. Mtu wao alikuja na kamera, akapiga picha namba ya chesi, akapiga picha dashibodi, akazunguka mbele na kupiga picha kibandiko cha Uber kwenye kona ya kioo. Kile cha mwisho ndicho kilichomaliza kesi. Ukurasa wa 9, gari la biashara halilindwi. Alilipa giaboksi, na kazi ya kuifungua pia.

“Kaka,” aliniambia tukirudi, “yule aliyeniuzia, mimi nilimwambia mwenyewe kwamba naendesha Uber.”

Alimwambia kwa mdomo. Kama unabeba abiria au unapeleka vyakula, taka sentensi hiyo kwenye karatasi, hata kwa kuongeza ada. Na kama unabadili oili mwenyewe uani, weka risiti ya oili na ya filta pamoja na maili za siku ile. Injini ikifa, risiti ndiyo kitu cha kwanza watakachodai.

Nafasi ya mwisho: wanaokupigia simu

“Waranti ya gari lako inakaribia kuisha.” Kata. Kundi moja tu la wapiga simu hizi lilipiga zaidi ya simu bilioni 5 ndani ya miezi mitatu ya mwaka 2021, na Agosti 2023 tume ya mawasiliano, FCC, ililitoza faini ya karibu dola milioni 300. Kadi za posta zenye rangi ya njano zinazofanana na barua ya serikali ni ndugu zao. Hata matangazo ya televisheni yenye sura maarufu yaangalie kwa jicho la pili: mwaka 2024 CarShield ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri la FTC kuhusu matangazo yaliyoahidi zaidi ya kilichomo.

Kama umeshasaini

Mikataba hii mingi inafutika. Ndani ya siku 30 au 60 za mwanzo mara nyingi unarudishiwa pesa yote, ukiwa hujaitumia. Baada ya hapo unarudishiwa kwa sehemu iliyobaki, kwa muda au kwa maili, ile iliyoliwa zaidi, toa ada ndogo.

Mimi niliufuta wangu mwezi wa saba tangu nisaini. Yadi waliniambia nirudi wiki ijayo, mara mbili. Mara ya tatu nikaacha kwenda, nikaandika barua ya mistari mitano: jina, namba ya mkataba, namba ya chesi, maili za siku hiyo na picha ya dashibodi. Nikaituma kwa posta ya kusainiwa, kwenye anwani ya kampuni iliyoko ndani ya mkataba. Wiki tano baadaye dola 2,310 zilirudi. Hazikuja kwangu, zilikwenda kwenye mkopo, na nilikasirika kuona bado nadaiwa dola 358 zilezile kila mwezi. Nilipopiga simu benki, dada wa upande wa pili alinisomea tarehe mpya ya kumaliza: miezi 11 mapema.

Ukituma yako, weka kopi, na usiache kulipa mkopo ukidhani wameshapunguza.