Kipimo cha IHDS kwa mwenye VVU anayetumia vichangamshi: kinafaa, ila kisomwe kwa uangalifu

IHDS (International HIV Dementia Scale) ni kipimo kifupi cha kutambua dalili za kudhurika kwa ubongo kwa watu wanaoishi na VVU. Kilichapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Marekani na Uganda, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa nchi zote mbili. Hakihitaji umeme wala maabara. Mhudumu akiwa na karatasi, saa yenye mshale wa sekunde na mafunzo kidogo, anaweza kukitumia katika kliniki yoyote ya tiba na matunzo kwa dakika chache. Hapa nakitathmini kwa kundi linalokipa kazi ngumu zaidi, yaani watu wenye VVU ambao pia hutumia vichangamshi kama kokeni au methamfetamini. Kundi hilo si la nchi za mbali tena: mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nchini Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini.

Mhudumu huanza kwa kutaja maneno manne, moja kila sekunde: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Mgonjwa huyarudia na kuombwa ayashike. Kisha, kwa mkono asioutumia sana, hugonganisha kidole gumba na kidole cha shahada kwa kasi yote aliyonayo kwa sekunde 5, akivitanua vidole kila mara. Zoezi la tatu ni la mfululizo: kuweka ngumi juu ya meza, kulaza kiganja, kukisimamisha kwa ubavu, na kurudia hivyo haraka kwa sekunde 10. Mwishoni huulizwa yale maneno, na akikwama hupewa dokezo kama vile “mnyama” au “rangi”, ingawa jibu la dokezo hupata nusu alama. Vidole, mkono na kumbukumbu hupewa alama 4 kila kimoja, jumla 12. Anayepata 10 au pungufu anapaswa kuchunguzwa zaidi. Kipimo kilichotangulia, cha mwaka 1995, kilimtaka mtu aandike alfabeti na anakili mchoro wa mchemraba, na hivyo kumwadhibu asiyesoma kabla ubongo wake haujatazamwa. Kwa hili IHDS inastahili sifa kamili: mtu ambaye hakuvuka darasa la pili huifanya bila kuona haya.

Uchaguzi wa vidole haukuwa wa kubahatisha. VVU huingia ubongoni mapema, vikiwa ndani ya seli nyeupe zinazovuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Haviambukizi seli za neva zenyewe, bali hukaa katika makrofaji na maikroglia, ambazo ni seli za ulinzi, na seli hizo zikishachokozwa humwaga kemikali za uvimbe zinazowadhuru majirani. Aidha, protini ya virusi iitwayo Tat hukibana kile kipitishio ambacho hurudisha dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni, ndani ya seli baada ya kazi yake. Kokeni hukiziba kipitishio hichohicho, ilhali methamfetamini hukilazimisha kufanya kazi kinyume, kiitoe dopamini badala ya kuirudisha. Dopamini ikifurika, makrofaji nazo huambukizwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo dawa humsaidia kirusi na kirusi huzidisha madhara ya dawa. Eneo linaloumia zaidi ni lilelile kwa wote wawili: viini vya ndani ya ubongo vinavyoratibu mwendo, pamoja na njia zinazoviunganisha na sehemu ya mbele, ambako mtu hupanga mambo yake na kujizuia. Kasi ya vidole ni dirisha zuri la kuvitazama viini hivyo.

Hapo ndipo nguvu ya kipimo inapogeuka kuwa udhaifu wake. Utafiti uliofanyika San Diego na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta upungufu wa uwezo wa akili kwa asilimia 58 ya waliokuwa na VVU pamoja na uraibu wa methamfetamini. Kwa waliokuwa na VVU pekee ilikuwa asilimia 38, kwa wenye uraibu pekee 40, na kwa wasio na lolote 18. Madhara yanarundikana, lakini alama 9 kwenye karatasi ya IHDS haisemi ni mzigo upi umetoka wapi. Hata bila dawa za kulevya, kipimo hiki hupiga kengele nyingi za uongo: katika majaribio ya Uganda kiliwanasa asilimia 80 ya wenye shida ya akili itokanayo na VVU, lakini kiliwaondolea shaka asilimia 55 tu ya wasiokuwa nayo.

Kasoro inayonikera zaidi ni kwamba fomu haina nafasi ya kuandika mteja alitumia lini mara ya mwisho. Aliyetoka kuvuta muda mfupi uliopita anaweza kuchapa vidole upesi na kupita, na mtu huyohuyo, akija akiwa na alosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, na usingizi wa siku kadhaa, akaonekana mgonjwa mahututi. Vilevile kipimo hakigusi vya kutosha uwezo wa kuamua na kujizuia, ilhali kupungua kwa uwezo huo ndiko kunakomfanya mtu asahau ARV au aziache kwa makusudi wikendi nzima. Anayepata 11 anaweza kurudishwa nyumbani na sifa ambazo maisha yake hayazithibitishi.

Pamoja na hayo, ningekichukua, kwa sharti kwamba mteja alinganishwe na yeye mwenyewe: apimwe akiwa na utulivu, muda tangu alipotumia uandikwe pembeni, na arudiwe baada ya miezi kadhaa ya ARV na ushauri. Ushauri nautaja kwa sababu vichangamshi havina tiba mbadala iliyo sawa na methadoni ya watumiaji wa heroini. Alama zikishuka, mhudumu asikimbilie kuandika kwamba ni dawa za kulevya, kwa maana neno hilo likishaingia kwenye faili hakuna anayetafuta kingine. Kwanza aangalie wingi wa virusi na CD4 (seli za kinga), homa ya uti wa mgongo ya kuvu aina ya kriptokoka, kimelea cha toksoplazma, kaswende na sonona, kwa kuwa yote hayo yanatibika na yote huweza kuwatia watu uzito wa vidole na kumbukumbu.