Sirapu ya laktulosi: kwenye boksi ni dawa ya choo, kwetu ni dawa ya kichwa

Naitumia kwa mjomba wangu, ini lake limesinyaa (sirosisi). Chupa ya kwanza niliichukua duka moja la dawa hapa Mtwara, na muuzaji akaandika juu ya boksi: "kulainisha choo". Nilirudi Chikongola nimenuna. Mzee analala mchana kutwa, usiku yuko ukumbini anahesabu magunia ya korosho aliyouza mwaka juzi, mkewe ameshaanza kuulizia fundi wa kutoa jini, halafu mimi napewa dawa ya choo!

Daktari alimwambia anyooshe mikono mbele, viganja vikawa vinaanguka na kuinuka vyenyewe. Akatueleza kuwa bakteria wa utumboni wanapovunja protini na yurea hutoa amonia, sumu inayovuruga kichwa. Ini zima huigeuza ikatoka na mkojo. La mjomba halimudu, na damu nyingine inalipita pembeni bila kusafishwa, amonia inapanda kwenye ubongo. Laktulosi ni sukari ambayo utumbo mwembamba hauisagi. Inawafikia bakteria vilevile ilivyo, nao wanaichachusha kama mabibo yanavyogeuka uraka (mjomba alicheka hapo, maana pombe hiyo ndiyo iliyomfikisha huku). Uchachu ule hunasa amonia, ikatoka na choo.

Siku ya tatu nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nani kaninyoa vibaya hivi.

Kasoro zipo. Ni tamu mpaka inachefua, na tumbo linajaa gesi. Mililita 20 mara tatu kwa siku, chupa ya mililita 100 haimalizi siku mbili, kwa hiyo mfuko unaumia. Tuliwahi kuzidisha akaharisha siku nzima, na kukaukiwa maji nako kunavuruga kichwa; lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku, basi. Samaki tusimnyime, daktari alisisitiza.

Nyota nne. Ya tano nainyima kwa yale maandishi ya boksi. Mkewe aliyasoma, akaona choo kimeshalainika, akaisukumia chupa nyuma ya kabati. Baada ya siku nne mjomba alikuwa anatia chumvi kwenye chai, na magunia yameanza kuhesabiwa upya. Sasa kila chupa mpya naiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: YA KICHWA.