TAHADHARI kwa wenye toyo Kigoma: ukiambiwa "gasketi ya hedi imeungua" usikubali injini ifunguliwe kwanza

Wakuu wa Mwanga, Gungu, Ujiji mpaka Kibirizi huko, hii inamhusu yeyote mwenye toyo ya mizigo (ile ya matairi matatu) au pikipiki yenye rejeta. Boxer na TVS za kawaida za bodaboda zinapozwa na upepo kwa hiyo nyie hamhusiki, ila someni tu, kesho na nyie mtanunua toyo. Kuna jamaa ana duka la spea na hapohapo nje ana vijana wanafunga, jina sitaji na duka sitaji, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 sote tunaijua na mimi hela ya wakili sina. Lakini jinsi anavyopiga watu nitaeleza mwanzo mwisho, ukikutana nayo utaijua hata kama anayekufanyia ni mwingine.

Iko hivi. Gasketi ya hedi ni ile sili bapa inayoziba kati ya silinda na hedi, yaani kichwa cha injini. Toyo inachemsha, dereva anaisukuma mpaka pale kwake. Jamaa anaangalia dakika mbili, hagusi feni, hagusi waya, anasogeza mkono kwenye silinda anatikisa kichwa, "kaka hii imekula gasketi ya hedi, ungepanda nayo mlima tena ingenoki." Dereva akisikia kunoki roho inaruka, anafikiria hesabu ya bosi, anakubali. Injini inafunguliwa. Ukija wewe mwenye chombo unaonyeshwa gasketi nyeusi imeungua kweli, unalipa. Afu juu yake unauziwa kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) "orijino" ya kijani, mfuniko wa rejeta "mpya", na themostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto) inatolewa inatupwa eti huku kwetu joto haihitajiki. Unaondoka, siku chache mbele inachemsha tena, ukirudi unaambiwa sasa ni wota pampu.

Toyo yangu ilipelekwa pale mimi nikiwa Kasulu. Kijana wangu alikuwa anatoa dagaa Kibirizi anapandisha Mwanga, ikachemka kwenye kilima, akapiga simu nikamwambia aipumzishe, asiimwagie maji, nakuja. Kumbe kuna mtu kamwelekeza kwa jamaa. Nafika nakuta hedi iko chini kwenye gunia na laki na themanini inadaiwa, nusu kijana ameshatoa kwenye hela ya mzigo. Nikaomba nione hiyo gasketi iliyoungua. Nikaletewa. Wakuu, gasketi ya injini iliyofunguliwa asubuhi ile inatakiwa iwe na unyevu, ina oili, ina alama mbichi za hedi. Ile ilikuwa kavu ina vumbi la muda mrefu, nikaichukua nikailaza juu ya silinda yangu mbele ya watu: tundu lake dogo kuliko pistoni yangu na tundu moja la boliti halikai kabisa. Ni ya injini nyingine! Nikauliza yangu iko wapi, kijana mmoja akaanza kucheka akaingia ndani. Ile yangu ikatolewa chini ya meza, nzima, haina hata doa la kuungua, ila sasa ndo imeshabanduliwa na imechanika ukingoni.

Na hapa ndo penye hasara ambayo wengi hawaioni. Gasketi nzima ukiibandua huirudishi, lazima mpya, na hedi inarudishwa kwa kubana boliti kwa kupishanisha, kidogo kidogo, kwa nguvu inayolingana, na kwa rinchi ya kupimia nguvu ukiipata. Pale wanabana na spana ya kawaida kwa mkono, huyu anaongea na simu huku anabana. Matokeo yake injini iliyoingia ikiwa nzima inatoka ikiwa na ugonjwa aliousema fundi, mwezi unaofuata gesi inavuja kweli, maji yanaingia kweli, na yeye anaonekana alikuwa mkweli.

Sasa tatizo langu lilikuwa nini? Feni. Fyuzi imeungua, na waya wa feni ulikuwa umesuguana na chesisi mpaka shaba inaonekana, ukigusa chuma inapiga shoti. Nimefunga waya kwa solotepu ya umeme, nikaweka fyuzi ya saizi ileile (sio waya wa shaba jamani, wenye tabia hiyo mnajijua, siku chombo kinaungua msimlaumu mchina), feni ikazunguka. Basi.

Ningejuaje ni feni? Angalia inachemsha WAKATI GANI, hilo ndo swali la kwanza na jamaa hakumuuliza dereva hata kidogo. Toyo inayochemka ikiwa imesimama, kwenye foleni ya sokoni, au ikipanda kilima taratibu na mzigo, halafu ikishika lami kwenda Ujiji inapoa yenyewe, hiyo haina upepo, anza na feni. Ila ikiwa inachemka hata kwenye mwendo mzuri barabarani basi maji hayazunguki vizuri au rejeta haitoi joto, hapo ndo unawaza rejeta kuziba, pampu, themostati iliyoganda au maji pungufu. Hiyo peke yake inakuondolea nusu ya kubahatisha.

Feni unaipima hivi: chomoa soketi yake, vuta waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka feni ni nzima, shida iko kwenye fyuzi, waya, rilei au swichi ya joto. Zile zenye swichi ya waya mbili kwenye rejeta, chomoa unganisha waya hizo mbili pamoja huku swichi ya funguo iko on, feni ikiamka swichi ya joto ndo imekufa. Kazi ya dakika kumi na hakuna boliti ya injini iliyoguswa.

Rejeta nayo muitazame. Barabara zetu za tope zinajaza yale mapezi mpaka hewa haipiti, unaona rejeta iko safi kwa mbele kumbe ukimulika tochi upande wa pili mwanga hautokezi. Ioshwe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele, msiwape wale wa presha wasogeze bomba karibu, mapezi yanalala kama nyasi. Na ndani, wanaojaza maji ya ziwa kila siku, maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi, sufuria ya chai inakuonyesha ule ukoko mweupe chini, huohuo unajijenga kwenye vijia vya rejeta. Injini ikiwa na moto pitisha mkono KARIBU na rejeta (usiishike), feni ikiwa imezimwa, ukisikia sehemu fulani ya baridi katikati ya sehemu za moto hapo pameziba.

Mfuniko. Huu ndo wanauchezea sana maana mtu hauangalii. Ule mfuniko sio wa kuzuia vumbi, una springi na umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha inayoshikilia. Kigoma tuko kama mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, yakibanwa na mfuniko mzima yanapita 115 bila kuchemka. Kwa hiyo mtu akikubadilishia mfuniko mzima akakuwekea wenye springi iliyochoka, toyo yako itaanza kutapika maji hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Wangu ulibadilishwa, niliujua kwa sababu una mkwaruzo wa bisibisi, nikaukuta umepangwa kwenye kabati la vioo unauzwa! Weka alama kwenye mfuniko wako leo. Na kamwe usiufungue injini ikiwa ya moto, mvuke ule unatoa ngozi ya uso.

Haya, gasketi ya hedi inaungua kweli, sisemi haiungui. Ila ina dalili zake na unatakiwa uonyeshwe KABLA ya spana kugusa injini. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji mpaka juu, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu iliyokuwa imebaki, yanaisha. Yakiendelea bila kukoma na ukivuta mafuta yanaongezeka, hiyo ni gesi ya kwenye silinda inapita. Zima, rudisha mfuniko, washa tena huku umeshika hozi ya juu, ikiwa inakuwa ngumu ndani ya dakika moja wakati injini haijapata hata joto, hapo pia kuna gesi. Nyingine ni moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, na maji kupungua bila kuona yanapovujia.

Oili kuwa kama chai ya maziwa nayo ni dalili, lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, maji kwenye oili yanaweza kutoka kwenye sili ya wota pampu, sio lazima hedi. Chini ya pampu kwenye injini nyingi kuna katundu kadogo, pakidondosha maji hapo sili imeisha, unabadilisha sili ya pampu hufungui injini. La pili, kuna mwenzetu wa Katonga ameniambia yeye alionyeshwa stiki ya oili yenye maziwa wakati aliichungulia mwenyewe nyumbani alfajiri ikiwa safi, na kabla ya kuonyeshwa kuna kijana alikuwa anashikashika kwenye mfuniko wa oili na kitambaa kilicholowa. Mimi sikuwepo, lakini baada ya gasketi yangu namuamini.

Kuhusu themostati, kuna mafundi wazuri tu wanaoitoa na tunabishana nao kila siku. Msimamo wangu ni kwamba kama ni mbovu weka nyingine, kuipima ni kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji unachemsha, inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajatokota, nyingi ni 71 mpaka 82. Ikifunguka ni nzima, irudishe. Injini isiyo na themostati inatembea ya baridi, inakunywa mafuta, na kama rejeta imeziba utachemka vilevile.

Sasa ile kulanti. Chupa ya lita moja, kijani kizuri, kifuniko hakina ile pete ya kukatika, nembo ya TBS imefifia kama imepigwa fotokopi. Kulanti halisi ya kuchanganywa nusu kwa nusu ina glaikoli, na glaikoli haigandi kwenye friza ya nyumbani. Nikaweka kidogo kwenye kichupa, na kidogo ya ile ninayonunua siku zote kwenye kichupa kingine, nikafunga na mfuko nikaandika SUMU, nikalaza kwenye friza kuukuu ya shemeji ambayo haiwekwi chakula. Asubuhi yangu inacheza kama kawaida, ya jamaa ni barafu ya kijani. Nikamwaga nyingine kwenye kisosi cha zamani juani, jioni pamekauka pamebaki ungaunga wa rangi. Glaikoli haikauki namna hiyo, inabaki inateleza. Ni maji na rangi wakuu, tena inaonekana rangi ya juisi. Msijaribu kuonja ili kupima, nimesikia watu wanafanya hivyo: ile halisi ina ladha tamu na ni sumu, inaua figo, watoto na mbwa ndo wanaoponzwa na huo utamu ikimwagika chini.

Nilipomdai akaanza na "kaka tusifike huko," nikamwomba risiti ya EFD ya vitu vyote alivyomuuzia kijana wangu, hapo ndo akalegea. Amerudisha hela ya kulanti na mfuniko wangu, hela ya kufungua injini amekataa. Bidhaa bandia ni kazi ya FCC (Tume ya Ushindani) na ubora ni TBS, malalamiko nimeshaandika na picha nimeambatanisha. Kama nawe umepita kwake, tafuta chupa hata kama ni tupu, usiitupe, na kama ulipewa kakaratasi kokote ka malipo piga picha, njoo inboksi tuunganishe maana malalamiko ya mtu mmoja yanakaa kwenye faili.

Na madereva, hesabu ya siku isikutishe. Ikichemka simama pembeni, zima, acha ipoe yenyewe hata nusu saa na zaidi, usimwage ndoo ya maji ya baridi kwenye injini ya moto maana hedi inapinda na hapo hata mimi sitakutetea. Piga simu kwa mwenye chombo, na kama ni lazima fundi aguse, kaa pale usiende kunywa chai. Chupa moja ya ile kulanti bado ninayo haijafunguliwa, ipo nyumbani kwangu Gungu, anayetaka kuilinganisha na yake aje nayo.